Mahaba Yaliyoponyoka Kalamu Nyekundu

Wenzangu wa kalamu, leo naomba mnivumilie kidogo. Nataka kuandika juu ya opera. Najua wengi wenu mkisikia neno hilo mnamwona mama mnene mwenye kofia ya pembe akipiga ukelele, na mabwana wa suti nyeusi wakisinzia kwa heshima. Picha hiyo ina ukweli wake, siwezi kubisha. Lakini ukiifuatilia historia ya opera utakuta jambo ambalo hakuna mwalimu wa fasihi aliyetudokezea darasani. Kwa karibu miaka 400 watu wazima wenye heshima zao wamekuwa wakilipa kiingilio kwenda kusikia tamaa ya mwili ikiimbwa kwa sauti ya juu, hadharani, mbele ya wafalme, makasisi na wakaguzi wa serikali.

Na sisi tunaotaka kuandika riwaya tuna hisa katika jambo hili. Ukiandika mapenzi yasiyo na mwili, msomaji anapiga miayo. Ukiandika mwili waziwazi, mswada unarudi umejaa mistari myekundu kama uso wa mtu aliyekwaruzwa na paka. Mimi ninao mswada wa namna hiyo chini ya kitanda. Mhariri mmoja, simtaji, alikata kurasa kumi na moja, na zote zilikuwa za usiku mmoja. Ndipo nikaanza kujiuliza: wale watunzi wa muziki wa Ulaya, waliokuwa na maaskofu mbele na polisi nyuma, walipitaje?

Jibu langu ni hili. Mkaguzi husoma maneno. Maneno ya opera yalipelekwa mezani kwake yameandikwa, akayapima, akafuta alichokiona kichafu. Muziki kwake ulikuwa vitone vyeusi juu ya mistari. Basi tamaa ikahama, ikatoka kwenye neno ikaingia kwenye sauti. Sisi tuliokulia jirani na taarab tumezoea njia nyingine: kwetu fumbo hukaa ndani ya neno lenyewe, mwimbaji anataja tunda au ndege na ukumbi mzima unacheka kwa sababu nyingine kabisa. Wenzetu wa opera walificha siri yao kwenye fidla na tarumbeta. Ilikuwa salama huko kwa muda mrefu, mpaka siku ilipotokea serikali iliyoamua kuukamata muziki wenyewe. Huko tutafika.

Tuanzie Venice. Mwaka 1637 ulifunguliwa hapo ukumbi wa Teatro San Cassiano, wa kwanza wa opera ambao mtu yeyote mwenye fedha mfukoni aliweza kuingia. Kabla ya hapo opera ilikuwa burudani ya majumba ya watawala. Ilipoanza kuuzwa kwa tiketi, ikabidi iwape watu wanachokitaka. Na watu wanataka nini? Mwaka 1643, msimu wa kanivali, ikaonyeshwa opera iitwayo L'incoronazione di Poppea, yaani kutawazwa kwa Poppea. Kaisari Nero ana mke, anamtaka mwanamke mwingine. Mwalimu wake, Seneca, anamwonya. Nero anaamuru mzee wa watu ajiue. Mke anafukuzwa, anapakiwa chomboni. Poppea anavikwa taji. Basi, imekwisha! Hakuna radi, hakuna adhabu, hakuna mzimu wa Seneca kuja kudai haki. Wazinzi wanabaki wawili jukwaani na wanaimbiana.

Na aliyetunga muziki huo alikuwa nani? Claudio Monteverdi, padri aliyepewa daraja mwaka 1632, mzee wa miaka kama 75, aliyefariki mwaka uleule 1643. Wataalamu wengi wanaamini kwamba wimbo ule wa mwisho wa wawili uliongezwa na mkono wa mtunzi mdogo wake, na mimi siingii kwenye ugomvi huo. Ninachokisikia ni sauti mbili nyembamba zinazokaribiana mpaka zinagusana, zinakwaruzana kidogo, halafu moja inateleza chini na zote mbili zinatulia. Kisha tena. Na tena. Maneno yake ni ya kawaida kabisa, mtu anaweza kuyaandika kwenye kadi ya harusi. Yote yako kwenye ule mkwaruzo.

Sauti mbili nyembamba, nimesema. Nero naye? Naam, Nero naye. Sehemu ya Kaisari iliandikiwa kastrato, mwanamume aliyehasiwa utotoni kabla sauti haijavunjika, akakua na mapafu ya mtu mzima na koo la mtoto. Katika Roma ya mapapa wanawake walikatazwa kupanda jukwaani, kwa hiyo hata wapenzi wa kike waliimbwa na watu hawa. Katika karne ya 17 na ya 18 ndio waliokuwa nyota, walilipwa kama wafalme na wanawake waliwalilia. Wa mwisho aliyerekodiwa kwenye santuri, Alessandro Moreschi wa kwaya ya Sistine, alirekodiwa mwaka 1902 na 1904. Rekodi hizo zipo, mtu anaweza kuzisikiliza hata kwenye simu. Mimi nilizisikiliza usiku, peke yangu, na sikuweza kumaliza. Sauti inayumba kama mtu anayelia na kujizuia. Raha ya wasikilizaji wa karne mbili ilinunuliwa kwa kisu na mwili wa mtoto ambaye hakuulizwa. Ukisoma vitabu vinavyosifu uzuri wa enzi ile, jambo hilo kwa kawaida limo kwenye aya moja fupi.

Mozart nitampita haraka, kila mtu ameshaandika juu yake. Katika Don Giovanni, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Prague mwaka 1787, mtumishi anamsomea mwanamke aliyeachwa orodha ya wanawake wa bwana wake: 640 Italia, 231 Ujerumani, 100 Ufaransa, 91 Uturuki, na Hispania peke yake 1,003. Jumlisheni wenyewe, ni 2,065. Watu wanacheka, kwa kuwa inasomwa kama hesabu ya karani wa ghala. Lakini kitu cha kujifunza hakiko kwenye orodha. Kiko pale bwana huyo anapomtongoza Zerlina, msichana wa kijijini aliye siku ya harusi yake. Kwanza yeye anaimba ubeti mzima, msichana anajibu ubeti mzima. Halafu zamu zinafupika, nusu kwa nusu, mstari kwa mstari. Mwisho wanaimba pamoja. Umesikia? Hakuna aliyesema "amekubali". Umbali kati ya sentensi zao ndio uliopungua. Mwenzangu unayeandika majibizano ya wapenzi, hiyo nakuachia bure.

Sasa twende Paris, tarehe 3 Machi 1875, ukumbi wa Opéra-Comique. Huu ulikuwa ukumbi wa familia. Wazazi walichukua viti huko ili binti na mchumba waonane kwa adabu, mama katikati. Mbele ya watu hao akaletwa Carmen, mfanyakazi wa kiwanda cha tumbaku cha Seville, anayevuta sigara, anayechagua mwanamume mwenyewe na kumwacha mwenyewe. Mmoja wa wakurugenzi wawili wa ukumbi, Adolphe de Leuven, alikuwa ameshajiuzulu mwaka 1874. Hakutaka mauaji kwenye jukwaa lake. Waimbaji wa kike wa kwaya walilalamika, eti wapiganeje na wavute sigara mbele ya watu? Magazeti mengi yakakasirika.

Ukiyasoma maneno anayoyaimba Carmen akiingia, hutaona tusi. Ni falsafa nyepesi ya mapenzi. Bizet aliuandika wimbo huo mara nyingi, na kila mara Célestine Galli-Marié, mwimbaji wa Carmen, aliukataa. Mwisho akachukua wimbo aliodhani ni wa kienyeji, kumbe una mwenyewe, Mhispania Sebastián Iradier. Sauti inateremka nusu hatua kwa nusu hatua, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka huku akijua anatazamwa. Chini yake selo zinarudia mdundo uleule, hazibadiliki, hazichoki. Mdundo huo ni habanera, yaani wa Havana, na Havana ni Kuba, na nusu ya damu ya muziki wa Kuba ilifika huko na watumwa kutoka Afrika. Miaka ya 1930 na 1940 santuri za Kikuba zilifika Kongo, zikazaa rumba, na rumba ikashuka mpaka kwenye bendi za dansi za Dar es Salaam na Nairobi. Kwa hiyo usiniambie Carmen ni mgeni wako. Kiuno chako kinamfahamu.

Bizet hakuona mafanikio. Alifariki tarehe 3 Juni 1875, miezi mitatu baada ya onyesho la kwanza, ana miaka 36. Na Carmen anachomwa kisu. Angalieni jambo hilo vizuri: Poppea alichukua nafasi ya mke aliyefukuzwa akavikwa taji, lakini mwanamke wa karne ya 19 akitamani waziwazi, pazia halishuki kabla hajafa. Jamii ilikubali kuisikia tamaa yake kwa saa tatu ikiwa itahakikishiwa maiti mwishoni.

Aliyeupeleka mchezo huu mbali kuliko wote ni Richard Wagner. Tristan und Isolde, Munich, tarehe 10 Juni 1865. (Narudi nyuma miaka kumi, msinisute, nilitaka Carmen awafungulie mlango.) Siielezi kwa lugha ya wataalamu kwa kuwa sina. Muziki unapoanza, sauti kadhaa zinapigwa kwa pamoja kwa namna ambayo sikio linaomba zitulie. Kila mtu anajua hali hiyo hata kama hajasoma noti: ni kama sentensi iliyoachwa kwenye "lakini". Wagner haitulizi. Anaipeleka kwingine, inaomba tena, anaikatalia tena. Kwa saa nne hivi.

Katika sehemu ya pili wapenzi wako bustanini usiku, mume wa Isolde, Mfalme Marke, ameenda kuwinda. Wanaimba juu ya usiku, na juu ya kutotaka kupambazuke. Chini yao okestra inapanda, inashuka kidogo, inapanda zaidi, wimbi juu ya wimbi, kasi inaongezeka, na pale juu kabisa, pale ambapo hata wewe uliyekaa kwenye kiti umesahau kupumua, mtumishi wa Isolde anapiga yowe na mume anaingia na watu wake. Muziki unakatika kama kamba. Inabidi usubiri mpaka mwisho. Tristan amekufa, Isolde amesimama peke yake juu ya maiti, na muziki ule uliokatwa unaanza upya, unapanda njia ileile, na safari hii unafika. Naye anaanguka. Sijasoma ukurasa wa riwaya yoyote, ya Kiswahili au ya Kizungu, uliolisema jambo hilo wazi kuliko hapo. Na mkaguzi angefuta nini? Usiku? Mawimbi?

Nyuma ya pazia kulikuwa na opera nyingine. Kiongozi wa okestra alikuwa Hans von Bülow. Mkewe, Cosima, alijifungua mtoto wa kike tarehe 10 Aprili mwaka uleule, miezi miwili tu kabla ya onyesho. Mtoto akaitwa Isolde. Baba yake alikuwa Wagner. Na von Bülow akasimama, akainua kijiti, akaiongoza kazi yote mpaka mwisho. Mtu akiniletea hadithi kama hiyo ningemwambia apunguze chumvi.

Sasa Salome. Hapa nitakaa kidogo.

Oscar Wilde alikuwa ameandika mchezo juu ya yule binti wa Herodia aliyecheza mbele ya Herode akaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji. Mwaka 1892 uliwekwa kwenye mazoezi London, ukapigwa marufuku kwa kuwa watu wa Biblia hawakuruhusiwa jukwaani. Richard Strauss akauchukua kwa Kijerumani, akaujaza okestra ya watu zaidi ya mia, na tarehe 9 Desemba 1905 ukaonyeshwa Dresden. Mwimbaji wa kwanza wa Salome, Marie Wittich, aligoma wakati wa mazoezi. Alisema yeye ni mwanamke mwenye heshima zake. Mwisho akakubali kuimba, ila kucheza ngoma akachezewa na mwingine. Strauss mwenyewe alijua anadai lisilowezekana: binti wa miaka kumi na sita mwenye sauti ya Isolde.

Kila mji ukawa na vituko vyake. Vienna, Gustav Mahler, mkurugenzi wa opera ya mfalme, alipigana na wakaguzi akashindwa. Salome haikuingia kwenye ukumbi ule hadi mwaka 1918. Berlin, mwaka 1906, msimamizi wa ukumbi wa kifalme aliruhusu onyesho kwa sharti kwamba mwishoni nyota ing'ae angani, ishara kwamba Mamajusi wako njiani, ukombozi unakuja. Hebu fikiri! Kaisari Wilhelm wa Pili alisema kazi hiyo itamletea Strauss madhara makubwa. Strauss alisimulia baadaye kwamba kwa madhara hayo aliweza kujenga nyumba yake ya Garmisch. New York, tarehe 22 Januari 1907, opera ilionyeshwa usiku mmoja tu kwenye ukumbi wa Metropolitan, ikaondolewa, haikurudi hapo hadi mwaka 1934.

Lakini London ndiyo iliyonichekesha. Mwaka 1910 Thomas Beecham alipata ruhusa ya kuionyesha baada ya maneno kufanyiwa ukarabati. Yohana asiitwe Yohana, aitwe nabii tu. Kichwa kisionekane, Salome akapewa sinia lililofunikwa kitambaa. Na tamaa yake yote ikageuzwa kuwa hamu ya kupata mwongozo wa kiroho! Kwa mujibu wa Beecham mwenyewe, waimbaji walianza vizuri, lakini muziki ulipochemka wakajikuta wanateleza, neno moja, sentensi moja, hadi wote wakarudi kwenye maneno ya asili. Yeye pale mbele akawa anatoka jasho, anajua kesho ni kizimbani. Baada ya onyesho wakubwa waliotoa amri wakaja kumshukuru kwa jinsi alivyotimiza matakwa yao. Hawakuwa wamesikia neno hata moja. Naamini waliusikia muziki, ila kwa kuwa karatasi ilishasafishwa walijiambia kuwa wanachokisikia ni safi.

Na ile Ngoma ya Shela Saba? Dakika tisa au kumi, na ndani yake hakuna hata silabi moja. Mkaguzi amepewa ukurasa mweupe. Filimbi inajikunja, fidla zinajibu, mwendo unaharakishwa, unazuiwa, unaachiwa. Inasifiwa sana, inapigwa hata peke yake kwenye matamasha. Ila mimi kuna kitu kinanikera ndani yake, na sikuona wengi wakikisema. Anayecheza ni binti. Anayetazama ni mume wa mama yake, mlevi, aliyemtolea macho tangu jioni ilipoanza, na mama amekwisha kumwambia aache. Muziki ule unatushika na kutukalisha kwenye kiti cha Herode. Tunavutiwa kama yeye, tunataka shela iliyobaki ianguke, kama yeye. Sidhani kwamba Strauss hakujua. Maana baadaye Salome akikabidhiwa kichwa, anakiimbia kwa zaidi ya robo saa, na muziki wake ni mzuri kuliko wote uliotangulia. Anakibusu, okestra inapiga sauti zinazogongana kama sahani kuanguka jikoni, na Herode, yule yule aliyekuwa akitazama, ndiye anayechukizwa. Anaamuru auawe. Askari wanamponda kwa ngao zao. Maiti nyingine ya mwanamke, pazia.

Mwaka uleule wa 1934 Salome aliporudi Metropolitan, tarehe 22 Januari, Leningrad ilionyesha opera ya kijana wa miaka 27. Dmitri Shostakovich. Inaitwa Lady Macbeth wa wilaya ya Mtsensk, imetoka kwenye hadithi ya Nikolai Leskov ya mwaka 1865, na mtunzi aliitoa kwa Nina Varzar, mchumba wake aliyekuja kuwa mkewe. Zawadi ya uchumba ya ajabu kidogo: Katerina, mke wa mfanyabiashara, anampa baba mkwe uyoga wenye sumu ya panya, anamnyonga mume akisaidiwa na hawara yake Sergei, anapelekwa Siberia, na Sergei anamwacha kwa mfungwa mwingine. Anamvuta mwenzake mtoni wakazama wote wawili.

Kuna sehemu moja nataka muitazame kama waandishi. Usiku. Katerina yuko peke yake chumbani. Anaimba kwamba kila mnyama ana mwenzake, farasi, paka, njiwa. Yeye hakuna anayemwekea mkono kiunoni. Fidla ziko chini sana, hazimsukumi. Hapo ndipo ashiki yote ya opera ile ilipo, kwa maoni yangu, kwenye upweke huo na si kwenye kitanda kinachofuata. Halafu Sergei anabisha hodi. Amefuata nini? Eti kuazima kitabu! Katerina anamjibu kwamba nyumba haina kitabu, yeye hajui kusoma na mumewe hasomi. Maovu yote yanaingia kwa mlango wa kitabu ambacho hakipo. Sergei anaingia kwa maneno, kisha kwa mikono. Katerina anakataa kwa mdomo, na inatia shaka sana kama baadaye alikubali au alishindwa nguvu. Okestra inalipuka, inakimbia kama farasi, ngoma na shaba zinapiga, mpaka kileleni, halafu tromboni, yale matarumbeta marefu yenye bomba la kuvuta, yanateleza chini, polepole, yamechoka. Kila mtu ukumbini anaelewa ni nini kilichochoka. Watu wengine husema ni uchafu mtupu. Mimi nasikia kicheko, na anayechekwa ni Sergei, jogoo yule anayedhani ameshinda. Kwa Katerina muziki haucheki hata mara moja.

Mwaka 1935 opera hiyo ilipofika New York, mhakiki mmoja wa gazeti aliunda neno jipya la kuunganisha ponografia na sauti. Huko kwao iliendelea kupendwa. Kwa miaka miwili ilionyeshwa Leningrad na Moscow zaidi ya mara 150. Ndipo tarehe 26 Januari 1936 Stalin akaenda kuitazama. Shostakovich naye aliitwa, akawepo. Stalin aliondoka kabla haijaisha. Kijana akachukua begi lake akaenda stesheni, alikuwa na tamasha Arkhangelsk. Tarehe 28 akiwa huko akanunua gazeti la Pravda. Ukurasa wa tatu kulikuwa na makala isiyo na jina la mwandishi, yenye kichwa kinachosema hii ni vurugu badala ya muziki.

Isomeni makala hiyo mkiipata, wenzangu, maana ndiyo niliyokuwa nikiwapeleka. Haikulalamikia maneno. Ilisema muziki wenyewe unahema, unakoroma, unakosa pumzi ili kuonyesha mapenzi kama yalivyo, na kwamba kitanda cha yule mfanyabiashara ndicho kimekaa katikati ya kila kitu. Ikaonya kwamba mchezo huo unaweza kuishia vibaya sana. Kwa karibu miaka 300 wakubwa walikuwa wamekodolea macho karatasi. Huyu alitumia masikio. Inasimuliwa kwamba kiti chake kilikuwa juu ya wapiga shaba. Kama ni kweli, tromboni zile zilimpanda moja kwa moja usoni.

Alikuwa na miaka 29. Makala nyingine ikafuata Februari, ya kushambulia baleti yake. Marafiki wakapungua. Desemba 1936 aliiondoa simfonia yake ya nne ilipokuwa tayari kwenye mazoezi, haikusikika hadi 1961. Alikuwa amekusudia Lady Macbeth iwe ya kwanza kati ya opera kadhaa juu ya wanawake wa Urusi. Zile nyingine hazikuandikwa. Tukiwa tunabishana vijiweni kama kurasa za usiku zina umuhimu wowote kwenye kazi ya maana, mimi huwa nafikiria opera hizo zisizokuwepo.

Mwaka 1963 opera ilirudi jukwaani Moscow, imebadilishwa jina ikaitwa Katerina Izmailova. Mtunzi aliisahihisha mwenyewe. Maneno ya wimbo wa chumbani yalilainishwa, na muziki wa kitanda uliondolewa pamoja na tromboni zake. Mwaka 1966 ilitengenezwa filamu ya toleo hilo safi, na aliyeimba Katerina alikuwa Galina Vishnevskaya. Shostakovich alifariki Agosti 1975.

Machi 1978 serikali ya Kisovieti ilimvua Vishnevskaya uraia, yeye na mumewe Mstislav Rostropovich, mpiga selo. Wakati huo walikuwa wakiishi nje. Mwaka huohuo waliingia studio London, mume akiongoza okestra, mke akiimba Katerina kwa mara nyingine, sasa kwa maandishi ya 1932. Ndiyo rekodi ninayoisikiliza. Sergei anabisha hodi, anaomba kitabu. Mlango unafungwa. Tromboni zimo.